Siku Nne za Addis Ababa, na Begi Alilonifungia Mama

Admin, nifichie jina langu na la ofisi yangu. Mji wetu mdogo, na mimi ni mwoga.

Nina miaka ishirini na sita, ni Mbajuni wa Kismayo, sijaolewa. Nimesoma mpaka diploma, na ni karani katika ofisi ya kukata tiketi za ndege. Baba alishafariki. Nyumbani tumebaki mimi na mama.

Nilikuwa na dada. Nasema nilikuwa naye, ingawa yu hai. Miaka miwili iliyopita nilimkatia kwa mkono wangu tiketi ya Nairobi, kwenda na kurudi, siku kumi. Alisema anakwenda kutazamwa macho. Sasa yuko Ulaya. Nakala ya tiketi yake ya kurudi ninayo kwenye droo, haikutumika. Siku aliyotupigia simu kutwambia harudi, mama alilia, mimi nikaosha vyombo. Tangu hapo sijalia. Wala sicheki. Nakula, naswali, naenda kazini. Jirani alipojifungua nilipakata mtoto wake, ikawa kama nimepakata mto.

Basi nikaanza kufikiri kwamba labda nikienda mahali nisipojulikana, hata siku chache, kitu kitarudi. Kwetu mtu hakutani nawe bila kuuliza wewe mchu wa nani, yaani mtu wa nani, na ukishajibu anakuhesabia jamaa zako wote walipo. Nilitaka siku nne bila swali hilo.

Kuchagua mji kulinichukua miezi. Mombasa nina mashangazi, na kulala hoteli ilhali shangazi yupo ni kumtukana. Nairobi kuna binamu, Zanzibar kuna ukoo wa bibi, Dubai kuna wakwe wa binamu. Kila mji niliuuliza: kuna nani wetu? Mwisho nikaona Addis Ababa. Hakuna mtu wetu, hakuna bahari, na kuna baridi. Nikatafuta hoteli ndogo yenye wageni wanawake wengi. Nikaandika ratiba: siku ya kwanza kulala, ya pili makumbusho, ya tatu soko kubwa na kahawa, ya nne kurudi. Niliiandika vizuri kama kazi ya ofisi, na sikusikia furaha yoyote. Nilidhani furaha itakuja hukohuko.

Mama nilipanga kumwambia siku ya mwisho, niseme ni semina ya kazi.

Sasa sikieni nilivyojiharibia. Ofisini kwetu kila Jumamosi nachapa orodha ya wasafiri wa wiki inayokuja na miji waendayo, naibandika mlangoni. Hapa mzigo hupelekwa na mtu, kwa hiyo watu huja kusoma orodha wapate wa kumpa dawa, vyeti au samaki mkavu. Nimeichapa orodha hiyo kwa miaka mitano. Jumamosi iliyopita niliichapa kama kawaida, majina yote, na langu likiwemo.

Wa kwanza kuja alikuwa mama mmoja wa kisiwa cha Chovae, na kikapu cha papa mkavu.

"Karani, umejiandika mwenyewe!" akacheka mpaka akakaa. "Haya, nichukulie huu."

"Mama, Addis hakuna mchu wetu wa kumpa."

"Hakuna hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Kicheko kikamwisha. "Basi wewe wenda kwa nani?"

Nikainamia karatasi zangu. Akabeba kikapu chake akaondoka, na kabla sijafunga ofisi mama yangu alikuwa ameshajua.

Nilimkuta anakuna nazi. Hakuacha kukuna.

"Nasikia wewe wasafiri."

"Siku nne tu, mama. Alhamisi mpaka Jumapili."

"Kwa nani?"

"Si kwa mtu. Nakwenda kutembea."

"Kutembea." Akageuza kifuu. "Vita vilipoanza ndugu zangu walitoka kisiwani wakasema wiki moja, mambo yakitulia tutarudi. Makaburi yao yako Mombasa. Dadako akanambia siku kumi. Nawe siku nne. Siku zenu zapungua, wa kurudi simwoni."

Nikamwonyesha tiketi ya kurudi.

"Na dadako si alikuwa nayo?"

Ile semina sikuitaja kabisa. Hakunigombeza wala hakunikataza. Mjomba wangu mmoja aliyebaki huku alipokuja kusema binti hasafiri peke yake, mama ndiye aliyemjibu: "Mwache. Mchu akitaka kwenda, hashikwi mguu."

Jana nilirudi nyumbani kutoka kazini nikakuta begi mlangoni. Si lile dogo nililoweka magauni manne. Ni kubwa, limefungwa na kamba. Nikalifungua. Nguo zangu zote zimo, za Idi na za nyumbani. Zimo sweta mbili za marehemu baba. Vyeti vyangu vya shule vimefungwa kwenye mfuko wa plastiki ili visirowe. Na picha ya baba, ile moja tuliyo nayo, imezungushiwa leso.

"Mama, hivi vyote vya nini? Narudi Jumapili."

"Najua," akasema. "Nimekufungia tu, usije ukasema umesahau kitu." Akaenda kutawadha kwa alasiri.

Nilisimama pale nikingoja kulia. Sikulia. Nikatoa picha ya baba nikairudisha ukutani. Nikatoa nguo, nikabakiza magauni manne na sweta moja. Nikaushika ule mfuko wa vyeti. Nikauweka chini, nikaushika tena.

Leo ni Jumanne na bado umo begini. Nimeapa moyoni kwamba narudi, lakini mkono wangu haujautoa, na mama amepita mara mbili akaangalia begi.

Ndugu zangu, nawaomba mnishauri bila kunitukana. Niivunje safari nibaki na mama, nami nikiwa hivi nilivyo? Au niende? Na nikienda, vyeti hivi nivifanye nini?