Siagi ya ngombe kwenye mupira wa dialyse: karibu tumuzike binti yangu

Wakuu wa hapa, mukuwe na amani. Miye ni nyanya, nilisoma kidogo tu, lakini humu sibuni hata neno moja.

Vita ilitufukuza Karuba, tukafika Goma. Kule binti yangu Furaha akavimba uso na miguu. Dokta akasema figo zimekufa, mashini ya dialyse njo itakuwa inamusafisha damu.

Wakamutia mupira pa shingo, ule wanaita katheta, unaingia mpaka karibu na moyo. Juu yake wakabandika pansement, kile kitambaa cha kufunika kidonda.

Infirmier, muuguzi wa pale, akaniambia: "Mama, hii pansement hakuna muntu wa kuifungua nyumbani. Hata wewe."

Nikasikia.

Lakini sisi watu wa ngombe tuko na kichwa nguvu! Kidonda, siagi. Mutoto amezaliwa, siagi. Ngozi inawasha, siagi.

Wifi yake, Mama Riziki, akakuja kusalimia na kibuyu chake cha siagi. Nilikuwa kanisani. Narudi, harufu inanipokea pa mulango. Pansement iko wazi, shingo inangaa.

"Mama Riziki, umefanya nini?"

"Ilikuwa inamuwasha, mama. Nimemulainisha kidogo tu."

"Hiyo ni shingo ao ni mukate?"

Furaha mwenyewe anacheka! Nilitaka kuwapiga wote wawili.

Sasa sikieni ujinga wangu. Nilipanguza na kitenge changu, nikabandika pansement ileile. Hospitali sikusema kitu. Haya.

Siku ya mashini, Furaha akaanza kutetemeka mpaka kitanda kinalia. Mama Riziki anasema: "Ni malaria." Malaria gani inangojea mashini iwake?

Infirmier akafungua: usaha. Microbe, mududu wa ugonjwa, imepita kwenye mupira, imeingia damu.

Ule mupira wakautosha, wakautupa. Bila mupira, mashini haiwezi kazi. Siku tatu anavimba, hawezi kulala chali, pumzi inakatika, dawa ya microbe inaingia pa mukono. Njo pale nilisema yote kwa dokta. Akaandika yote.

Wakamutia mupira mwingine, upande wa pili. Akapona.

Mama Riziki anasema nini? "Si munaona, siagi ilimusaidia!"

Nimechoka, jamani.

Mugonjwa wa mashini akitetemeka, mumupeleke mbio. Na kama muntu amegusa pansement, museme siku ileile. Siagi ilikuwa ya Mama Riziki, lakini kunyamaza kulikuwa kwangu.

Wenye muko na mugonjwa kama huyu, wageni munawazuia namna gani? Muandike hapa chini, niko nasoma.