Achari ya Mama Mikononi mwa Shoga Yangu

Mama alipofariki aliniachia chupa moja kubwa ya achari ya ndimu, aliyoitia chumvi kabla sijaolewa. Nilipohamia Michenzani, kwenye fleti isiyopata jua, nilimpelekea shoga yangu mwenye mgahawa Mji Mkongwe aniwekee juu ya paa lake. "Itunze kama yako," nikamwambia.

Jumapili moja mimi, yeye na shoga yetu wa tatu, mwenye gari, tulikwenda shamba, juu ya kilima kupita Kizimbani, kwa Mhindi mmoja anayetengeneza siki na achari. Ghala lake limejaa mitungi ya udongo iliyofungwa vitambaa midomoni. Alitufungulia mmoja baada ya mwengine tuonje. Achari ya mwaka huu ilikuwa bado kijani, inachoma ulimi. Ya miaka kadhaa ilikuwa rangi ya tende. Ile iliyoanzwa na marehemu baba yake ilikuwa nyeusi tii, maganda yamelegea, ukali wote umepoa ukawa utamu wa mbali.

"Hii ni chumvi, jua na kungoja tu," alisema. "Adui yake maji. Kijiko umekiosha hukukifuta, basi. Ukungu ushaingia."

Shoga yangu akacheka. "Yako nzuri, lakini hujaonja yangu. Nnayo nyeusi kuliko hii, wateja wanaifuata kutoka mahotelini. Ya bibi yangu, Mungu amrehemu."

Nikamtazama. Hata macho hakuyakwepesha. Bibi yake nilimjua. Ndimu alikuwa hazigusi. Yule mwenye gari akanifinya mkono ninyamaze. Njia nzima ya kurudi mjini nilicheka nao.

Wiki ile ile nikenda kula mgahawani kwake. Chupa ya Mama ilikuwa mezani karibu na mlango wa jiko, imefika nusu, imebandikwa karatasi yenye jina la mgahawa. Nikala wali na samaki, nikanawa, nikaosha kijiko bombani.

"Shoga, nnachota achari!"

"Chota tu," akajibu kutoka jikoni. "Jisikie kwako."

Nikakizamisha kijiko na maji yake mpaka chini, nikakoroga. Nikarudi bombani, nikakilowesha tena, nikakoroga tena, taratibu. Lilikuwa jasho la mama yangu lile. Heri iozee chupani kuliko kuliwa kwa jina la mtu mwengine.

Haukupita muda akanipigia simu.

"Shoga, achari imeota ukungu, mweupe, mpaka ndani! Na kesho kutwa ndiyo karamu ya arusi nnayoipikia, nshawaahidi watu."

Arusi yenyewe ilikuwa ya binti wa shoga yetu mwenye gari.

"Maskini, pole," nikasema.

"Mama yako hakukufundisha namna ya kutengeneza?"

"Mama yangu anaingiaje hapa? Si ya bibi yako?"

Akaanza kulia. Sikukata simu, nilimsikiliza mpaka akamaliza, kisha nikamwambia Mama hakunifundisha. Alinifundisha, tena vizuri.

Siku ya karamu nilivaa dera langu jipya, nikakaa mbele. Pilau likaja na achari ya dukani, ya embe, ina sukari. Wageni wakaionja, wakaisukuma pembeni, wakanong'ona. Shoga yangu alisimama mlangoni akitazama sahani zao. Nikamwita aniongeze pilau.