Mlinzi wa Kichanja cha Jirani

Mbwa wetu anakula sabuni. Naanza na hilo kwa sababu leo nimekaa kumshukuru, na sitaki mtu adhani nimepofuka kwa mapenzi. Ukiweka kipande cha sabuni ya mche juu ya jiwe la kufulia, ukageuka kidogo tu kuanika shuka, ukirudi jiwe ni tupu na mbwa amelala kando, povu linamtoka mdomoni, na macho yake ya upole utadhani ametoka kuungama. Nimempigia kelele mpaka nimechoka, na sabuni zinaendelea kwisha.

Mimi ni fundi cherehani. Kazi yangu naifanyia barazani, hapa Mbamba Bay, karibu kabisa na ufukwe. Mbwa huyu ameamua kwamba chini ya cherehani, pale ninapotupia vipande vya vitambaa, ndipo kitandani kwake. Wateja wangu wanaondoka na magauni yenye manyoya. Viroboto anao, na hawana ubaguzi. Waendesha bodaboda wakikaribia nyumba yetu hunyanyua miguu yote miwili wakaiweka juu ya tangi, wakapita hivyo hivyo wakiomba Mungu.

Jina analo, ila sitaliandika. Alipewa na marehemu baba, na kama wafanyavyo wengi kwetu, baba alilitumia jina la mbwa kumfikishia mtu ujumbe. Mtu huyo bado yuko hai na namwamkia Shikamoo. Kwa hiyo nikiwa mbele za watu namwita mbwa kwa mluzi.

Kwetu ni Mkumbi, milimani, upande wa Mbinga. Baba na mama walilima kahawa maisha yao yote. Kahawa ikishamenywa na kuoshwa huanikwa kwenye kichanja, meza ndefu ya miti iliyotandikwa wavu, ikakaa juani huku ikigeuzwa kwa mikono mpaka ikauke. Hapo ndipo inapokuwa na maadui: mbuzi, kuku, na watu wenye mifuko mikubwa. Baba alimzoesha mbwa kulala chini ya kichanja, na alimzoesha barabara. Sisi wa nyumbani tukigeuza kahawa, mbwa hatikisi hata sikio. Mkono wa mgeni ukiugusa ule wavu, anatoka chini meno yakiwa mbele.

Baba alipofariki, mbwa akabaki na mama. Tulimbembeleza mama ashuke akae kwangu, naye alikuwa akikataa kwa maneno mazuri hivi kwamba unaondoka ukidhani amekubali. Kisha yakaja masika ya mwaka jana. Mama alikwenda kupalilia maharage kwenye ngolo, yale mashimo ya kulimia tunayoyachimba kwenye miteremko ili maji yasisombe udongo. Tuta likateleza, akaangukia shimoni, nyonga ikagoma. Alilala mle mvua ikimnyeshea, na sauti yake haikufika popote.

Mbwa alipanda mpaka njiani, akamkamata pindo la khanga mwanamke aliyekuwa anapeleka mahindi mashineni. Akavuta, akaachia, akakimbia na kipande cha khanga mdomoni. Yule mwanamke alitua ndoo yake, akachuma fimbo, akamfuata mteremkoni kwa hasira ili akamwoneshe cha moto. Ndivyo alivyomkuta mama. Nikikumbuka hilo, sabuni zote za dunia hii naona azile tu.

Hospitali walisema nyonga itapona, lakini mama asikae tena peke yake. Hapo mama alikubali kuja ziwani, kwa sharti moja, kwamba mbwa naye aje. Mabasi yakamkataa. Tulishuka na lori la kabichi, mama amekaa mbele na dereva, mimi nyuma na mbwa mapajani. Ile barabara ina kona mpaka watu wazima wanafumba macho. Mbwa alitapika kila kona, juu ya gauni nililolishona mwenyewe, na kila akimaliza ananilamba mkono kama anayeniomba radhi.

Siku za mwanzo hapa kwangu zilikuwa ngumu kwao wote wawili. Mama alikaa kwenye kiti barazani akitazama ziwa kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Alisema ziwa ni zuri, halafu akauliza kama kule nyumbani wamekwisha palilia. Kiswahili chake ni cha kanisani, Kinyasa cha watu wa huku hakijui, akawa mtu wa kunyamaza. Mbwa ndiye aliyekuwa akizungumza naye Kimatengo, lugha ya kwetu, kutwa nzima, na mbwa hakuwa na kazi. Alizunguka uani, akalala, akainuka, akazunguka tena.

Halafu akapata kazi. Jirani yetu ni mama mtu mzima, mjane, anayekaanga na kuanika usipa, wale samaki wadogo wa Ziwa Nyasa, na ndio uliomsomeshea watoto wote. Kati ya uwanja wake na wetu hakuna uzio. Kichanja chake kiko hatua chache kutoka jikoni kwangu, nacho ni meza ndefu ya miti iliyotandikwa wavu. Asubuhi moja nikamwona mbwa amelala chini yake, kichwa juu ya miguu, amestarehe kuliko nilivyowahi kumwona tangu tushuke. Nikafurahi kwamba hatimaye ameacha vitambaa vyangu.

Jirani hakufurahi. Alisema mbwa wetu anamwibia usipa. Nikamwambia angekuwa anaiba tungemwona amenenepa. Akasema mwizi mzuri hanenepi. Mimi ulimi wangu hauna breki, naye wake pia, kwa hiyo tulikuwa tukirushiana maneno kuanzia jikoni kwangu mpaka jikoni kwake, na mume wangu akawa anaondoka mapema kwenda kutengeneza mitumbwi hata siku ambazo hakuna mtumbwi.

Kisha ikaja mvua ya mchana. Wingu lilitokea upande wa milimani ghafla, wanawake wote wa ufukweni wakakimbilia vichanja vyao. Siku zote jirani alimfukuza mbwa kwa mawe kutoka mbali kabla hajaugusa wavu, lakini siku hiyo hakuwa na muda wa mawe. Alifika mbio, akanyoosha mikono akusanye usipa wake, na mbwa akatoka chini. Hakumng'ata. Alisimama tu kati yake na kichanja na kuonesha meno, na kila jirani akijaribu upande huu, mbwa naye yupo upande huu. Mimi nilikuwa nimekwenda kununua nyuzi. Niliporudi mvua ilikuwa imekwisha, usipa umelowa wote, na jirani amesimama barazani kwangu maji yanamchuruzika. Siku hiyo hakupaza sauti, na hilo ndilo lililoniogopesha.

Mwenyekiti wa kitongoji aliitwa. Aliamua kwa heshima sana kwamba mbwa afungwe, na akionekana tena kwenye mali ya watu, auawe. Usipa ulioloa ni hasara ya mtu, na hasara ile ilikuwa inanuka mpaka sebuleni kwangu. Tukamfunga mbwa kwenye nguzo ya jiko kwa kamba ya mtumbwi.

Alilia kutwa, akivuta kamba kuelekea upande ule ule. Mama aliacha kula. Siku iliyofuata nikamkuta amekunja vitenge vyake, amevifunga furushi, amekaa juu ya kitanda na viatu miguuni.

"Nirudisheni nyumbani," akaniambia. "Mimi na mbwa wangu hatujapata kumsumbua mtu."

Nilimwambia kule juu atakuwa peke yake. Akasema anajua. Nikamkumbusha ngolo, mvua, nyonga. Akasema anakumbuka vizuri kuliko mimi, kwa kuwa aliyekuwa shimoni ni yeye. Nilitoka nje nikasimama nyuma ya nyumba nikalia, maana nilikuwa nauona mwisho wake. Mama angerudi Mkumbi, angeanguka tena, na safari hii asingepita mtu wa mashineni. Wala kumzuia nisingeweza. Mama yangu hazuiliki, anaombwa.

Mchana nilimtoa barazani apate upepo wakati namtafutia gari. Alimtazama mbwa akivuta kamba. Akafuata kwa macho kule kamba inakovutwa, akakiona kichanja, na jirani akianika usipa mwingine. Akaniuliza kama yule mama alikwisha kumlisha mbwa. Nikamjibu kwa ukali kidogo kwamba anamlishaje mbwa anayemchukia. Mama akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika nyonga yake.

Nikaelewa, nikajiona mjinga wa mwisho. Kwetu hakuna mgeni anayegusa kahawa kabla hajamlisha mbwa ukoko wa ugali kwa mkono wake mwenyewe, amesimama pale pale kwenye kichanja. Kibarua mpya hufanya hivyo, mkwe hufanya hivyo, hata mjukuu aliyerudi likizo amerefuka. Mbwa akishakula, mkono ule umekuwa wa nyumbani. Mume wangu alipokuja kujitambulisha kwa baba, alipewa kwanza kazi hiyo, kwa mbwa wa wakati ule, ndipo akaletewa kiti. Hayo yote nayajua tangu utoto, lakini kwangu yalikuwa mambo ya kahawa. Haikunijia kabisa kwamba mbwa ameona meza ya miti na wavu, akahesabu ni yetu, na kwamba kwake yeye mwizi alikuwa jirani.

Nilikwenda mwenyewe kumweleza jirani, nikiwa na ukoko kwenye sahani. Aliniangalia kama mtu niliyemletea uchawi. Aliniambia hajazaliwa mtu wa kumfanya aombe ruhusa ya mbwa ili aguse samaki wake. Nikarudi na sahani yangu.

Basi mama akainuka. Alichukua fimbo yake na ule ukoko, akamfungua mbwa, akaanza kuvuka uwanja, hatua moja inapumzika ndipo nyingine ifuate. Alipofika kwenye kichanja jirani alimwamkia, kwa sababu hata ukiwa na hasira kiasi gani mtu mzima lazima umwamkie. Mama akaitikia Marahaba mwanangu, akabaki amesimama juani amenyoosha ule ukoko. Nadhani jirani angeweza kunikatalia mimi mpaka Kiyama, lakini kumwacha mama wa watu, mwenye fimbo, amesimama juani, hilo lilimshinda. Akaupokea ukoko huku ananung'unika kwa Kinyasa, akaunyoosha kwa mbwa akiwa ameangalia pembeni.

Mbwa aliunusa ule mkono kwa muda mrefu, harufu ya samaki na yote. Akala. Jirani akaugusa wavu kwa kidole kimoja, kisha kwa mkono mzima. Mbwa akaingia chini, akalala. Jirani akaanza kugeuza usipa taratibu, na mama, bila kuulizwa, akaegesha fimbo yake na kuanza kugeuza upande wa pili. Anajua kugeuza, amegeuza kahawa miaka yote.

Tangu siku ile kunguru hawatui pale. Paka wa mtaa wote wamehama njia. Jirani, aliyekuwa akipoteza usipa kila siku akimsingizia mbwa, sasa anatoka kwenda sokoni akiwa ameuacha juani peke yake, na ukoko anaupika makusudi. Amejifunza Kimatengo cha mbwa, njoo na lala na acha, anakitamka vibaya mpaka mama anajifuta machozi ya kicheko. Kile Kiswahili cha mama cha kanisani nacho kimekwisha changamka. Juzi nimemsikia anabishana na mchuuzi kuhusu bei, kwa maneno ambayo padre hakumfundisha.

Kero nazo zimeongezeka. Mbwa sasa anahesabu nyumba mbili kuwa zake, kwa hiyo anabweka mara mbili. Ananuka samaki, kisha anakuja kulala kwenye vitambaa vyangu. Mteja mmoja alinirudishia sketi akaniuliza kama naishonea ziwani. Nilimjibu vibaya, halafu nikaifua bure, na sabuni ya kuifulia ikaliwa.

Msimu wa kahawa ulipofika, roho yangu ikawa juu tena. Mama hajapata kukosa mavuno tangu aolewe. Kaka yangu, anayelitunza shamba kule Mkumbi, alipiga simu akasema atakuja kumchukua, na nilijua akishapanda kule hatashuka tena. Sikumwambia mama lolote la kumzuia. Nilimfulia vitenge, nikamshonea na kingine kipya, nikavipanga kwenye begi, na usingizi ukanipaa.

Kaka alifika asubuhi na gari la kuazima. Alinikuta barazani nashona sare za shule, begi liko mlangoni. Nikamwonesha kwa mkono. Mama alikuwa kichanjani, amefunga kitenge kiunoni, mbwa miguuni pake, jirani upande wa pili, wanageuza na kusengenya. Kaka akaenda akamwamkia, akamwambia twende mama, kahawa inaiva.

"Nitakwendaje leo," mama akasema, "na usipa haujakauka?"

Kaka akadhani ni utani. Akauliza ni usipa wa nani huo wa kumzuia mtu kwenda kwake.

"Wetu," mama akajibu, na hakuinua hata macho.

Kaka akageuka akanitazama. Mimi nilikuwa nimeinama, nimeisogeza ile sare pembeni, kwa sababu machozi yalikuwa yanadondoka na nguo ilikuwa ya mtoto wa watu.