Majani Mlangoni kwa Adoch

Adoch alikuwa mjane wa askari polisi, mwanamke wa kaskazini aliyeletwa mtaa wa Kyebando na ndoa, na kwa miaka mingi ufagio wake uliamka kabla ya jogoo. Kwao ua haufagiliwi kwa usafi tu. Majani yakifika mlangoni, mpita njia anajua wenyewe wamekufa au wamekimbia. Wakati wa vita watu walizisoma nyumba hivyo, na mara nyingi hawakukosea.

Sasa binti yake Helen akaja na mapya kutoka chuoni: majani yaachwe, maji yawekwe kwenye karai, viumbe wapate pa kukaa. Adoch alibisha weee, mwisho akasalimu amri. Mtoto akililia wembe mpe. Wakaja vipepeo, wakaja vinyonga, kisha ndege wadogo wekundu wakajenga kiota chini ya dirisha. Adoch hakujielewa. Asubuhi aliuonea aibu ule msitu, jioni akajikuta amechutama akiwanong'oneza ndege kama wajukuu.

Siku moja alirudi kutoka sokoni akamkuta Kaltumi, mwenye duka la ng'ambo ya njia, akimngoja getini. Kaltumi akamweleza kwamba mwanamume mrefu mwenye kovu shavuni alisimama pale, akatazama majani, akavua kofia, akalia, kisha akashika njia ya kituo cha mabasi. Kaltumi alimwita, hakugeuka.

Mkungu wa ndizi ukamponyoka Adoch. Kovu lile lilikuwa la kaka yake Okwir, aliyekimbilia Sudan mwaka wa vita, na ambaye Adoch alimngoja tangu hapo. Okwir hakuuliza mtu, kwani nani huuliza anachokiona kwa macho yake?

Adoch akatoka mbio, akiwalaani ndege, Helen na nafsi yake kwa zamu. Alimkuta Okwir amekalia mzigo wake kando ya basi lililokuwa bado likijaza abiria. Okwir alishtuka, akamshika mkono, akaubonyeza kama anayepima embe.

"Sasa kama uko muzima, kwa nini hukufyeka majani?"

"Nilikuwa nachunga ndege."

Okwir alimtazama kwa huruma, kama anayemtazama mtu ambaye vita vimemwachia mwili tu.

"Dada yangu, basi ya kwanza ilishaenda. Nimetuma watu waambie mama kule kwetu kaskazini wewe ulikufa."

Adoch alisimama katikati ya kelele za mautingo, hajui acheke au alie. Kisha akapanda basi na gauni lake lile lile la sokoni, maana habari ile hakuna wa kuikanusha ila maiti mwenyewe.