Kahawa Iliyobaki Chiang Mai

Jirani yangu wa hapa mtaani Nshambya husuka vikapu huku akiongea, na kila ukindu huupitisha mdomoni kuulowanisha. Lakini tangu kikundi chao cha akina mama kilipopelekwa Chiang Mai, mji wa kale wa Thailand wenye masoko ya kazi za mikono, vidole vyake husimama ghafla. Hapo najua yuko kule.

“Muuza vikapu mwenzangu wa kule alinipokea vizuri,” huanza, “nami nikampa kahawa ya kutafuna, zile punje kavu, kama tunavyompa mtu wa kwetu kwa heshima. Akaipokea kwa mikono miwili. Akaenda kuiweka mbele ya sanamu anayoiabudu, akachoma udi.” Hunitazama. “Sasa mimi Mlutheri, kahawa yangu nimempa nani?” Alimuuliza mchungaji wake, anasema, naye akasifia kikapu.

Jana alinipa kahawa, nami nikaitia mfukoni kama kawaida yangu. Akanishika mkono.

“Hapana, mwanangu. Tafuna hapa hapa, nikuone.”

Nikatafuna. Aliliangalia shavu langu mpaka nikameza, ndipo akaokota ukindu wake.