Kura ya Kumkomoa Jirani

Jirani yangu wa ng'ambo ya barabara hakuvunja mlango wa duka langu, wala hakubeba kitu. Alinyoosha kidole tu. Ilikuwa mwaka 2015, siku ya pili ya vurugu, na kundi la watu lilikuwa likipanda mtaa wetu wa Rosettenville, Johannesburg, likiuliza maduka ya wageni ni yapi. Nilikuwa nimeshafunga na kupanda chumbani kwetu, juu ya duka, nikawa natazama kwa upenyo wa pazia. Nilimwona anatoka getini kwake na aproni, anaulizwa, anaelekeza mlango wangu, kisha anarudisha mkono mfukoni kama mtu aliyemwonyesha mpita njia kituo cha teksi.

Walichukua cherehani mbili, ovaloki ya kupindia kingo, majora ya shweshwe, kile kitambaa cha chapa cha huku, na gauni la harusi la mteja lililobakia kutiwa shanga tu. Mwenye gauni alilia. Mimi sikulia. Niliketi kwenye ngazi nikakiwaza kile kidole, chenye pete niliyoijua vizuri kwa kuwa nilikuwa nimempima mwenyewe nguo mara nyingi.

Mimi ni mtu wa Tanga. Nilikuja Johannesburg kumshonea mwenye duka mmoja wa Marshalltown, nikaolewa na dereva wa basi, Mzulu, aliyesilimu ili baba yangu aridhie, tukahamia huku kusini ya jiji. Jirani yule, mwanamke mwenzangu, alikuwa mwenyekiti wa tawi la chama tawala mtaani. Nilimshonea bintiye nguo ya mahafali. Tulikuwa tunaazimana sukari.

Wiki moja baada ya duka kuvunjwa alikuja na sufuria ya supu. Aliniambia kwa upole kabisa, "Ugomvi ule haukuwa na wewe, dada. Wewe si kama wale wengine." Nikapokea sufuria, nikashukuru, na kesho yake nikairudisha imeoshwa inang'aa. Hakujua kwamba nilimwona, na sikumwambia. Nilitaka kwanza nipate kitu cha kumpigia.

Kitu hicho nilikipata miaka mitatu baadaye, kitambulisho cha raia, kina picha yangu na alama za vidole vyangu. Nilikuwa nimeomba uraia. Afisa aliyenihoji aliuliza kwa nini nautaka, nikamjibu kwamba mume wangu yuko hapa na kazi yangu iko hapa. Ilikuwa kweli. Lakini sababu niliyokuwa nikilala nayo na kuamka nayo ilikuwa nyingine, na haikuhusu ndoa wala kazi.

Uchaguzi mkuu wa 2019 ulipokaribia, picha za wagombea zikajaa kwenye nguzo zote hadi kwenye robot, taa za kuongozea magari za barabara kubwa. Hapa rais hachaguliwi moja kwa moja. Unapigia chama, kisha wabunge ndio wanamchagua. Jirani alikuwa ameahidiwa na wakubwa wake kwamba kituo chetu cha kura kikifanya vizuri, yeye atasimamishwa udiwani uchaguzi wa manispaa ukifika. Alinieleza mwenyewe, dukani kwangu, akiwa na daftari la majina. Chama chake kina uzoefu, alisema. Wale wapinzani ni wazungu waliomtanguliza mtu mweusi ili tusiwaone nyuma yake.

Nilimwambia anihesabu. Nikamwambia amhesabu na msusi wa duka la tatu, Mkongo wa Uvira aliyepata uraia kabla yangu, na wanawake wengine wawili wanaosali naye kanisa moja. Alinikumbatia. Akaahidi kutubeba kwa gari la shemeji yake ili tusisimame kwenye baridi.

Msusi nilimweleza mpango wangu siku hiyohiyo. Hakuwa na kisasi na jirani. "Miye sina hasira na mutu, dada," alisema. Alichotaka ni umeme, kwa sababu ulikuwa unakatika na kumwacha na mteja chini ya mashine ya kukaushia, nywele mbichi. Alisema waliokaa miaka yote ile madarakani na bado taa zinazimika, huo uzoefu wao waende nao nyumbani. Wenzake wawili walikuwa na neno lilelile. Kwa hiyo tukawa wanne, kila mmoja na sababu yake, na yangu ndiyo iliyokuwa mbaya kuliko zote.

Mume wangu aliunusa mpango wetu. Alikuwa amekipigia chama tawala tangu 1994, na kila uchaguzi alipiga pasi shati jeupe kama anakwenda kuposa. Siku moja kabla ya kura alinisimulia habari ya baba yake, jinsi alivyokamatwa Marshalltown zama za ubaguzi wa rangi kwa kutembea bila pasi ya kumruhusu kuwa mjini, akalazwa rumande siku tatu, na kazi ikaenda.

"Waliomkamata hawajafa wote," alisema. "Wengine watakuwa kwenye foleni kesho, na wewe utakuwa upande wao."

"Baba yako alikamatwa na weupe," nikamjibu. "Mimi nimevunjiwa na watu wa rangi yangu. Kila mtu na aliyemuumiza."

Akaenda kupiga pasi shati lake jeupe.

Ilikuwa Ramadhani, nami nilikuwa nimefunga. Jirani alitupitia kama alivyoahidi, amejifunga kitambaa cha rangi za chama, akaimba njia nzima. Msusi alitazama dirishani. Mimi nilimwitikia wimbo.

Ndani ya kibanda nilifungua ile karatasi ndefu ya vyama. Kwa kitambo nilimfikiria baba mkwe, ambaye sikuwahi kumwona. Kisha nikakiona kile kidole chenye pete. Niliikandamiza kalamu kwenye mraba wa wapinzani mpaka nikaogopa nimetoboa karatasi, na nikafanya vivyo hivyo kwenye karatasi ya jimbo. Nilipotoka, jirani aliishika mikono yangu miwili, akautazama wino kwenye kucha yangu kama bibi anayetazama jino la kwanza la mjukuu. Alikuwa amewaandalia wapiga kura wake maandazi na kuku. Chakula changu alikifunga kwenye karatasi ili nile nikifuturu. Nilifuturu nacho. Kilikuwa kitamu.

Matokeo yalibandikwa mlangoni pa kituo. Nchi nzima chama chake kilishinda na rais wao akarudi, lakini kwenye kituo chetu walishindwa kwa kura chache. Wakubwa wake walimwita, na habari za udiwani zikaisha hapo. Baada ya siku kadhaa akaja na sketi ya kupunguzwa, akaketi kwenye kiti cha wateja, akasema hajui ni nani aliyemgeuka mtaani.

Niliweka futi mezani.

"Ni mimi," nikasema. "Mimi na wenzangu uliotubeba."

Alidhani natania. Nikamweleza pazia, aproni, kidole. Nilikuwa nimeyapanga maneno yale kwa miaka minne na niliyatoa bila kupaza sauti. Aliutazama mkono wake. Hakukana. Alisema wale watu walikuwa na mapanga na bintiye alikuwa ndani ya nyumba. Nikamwambia mimi sikuona mapanga.

"Kwa hiyo kwa ajili yangu ukawapa wazungu," alisema.

"Kwa ajili yako ningempa hata shetani."

Alichukua sketi yake akatoka. Nilijisikia vizuri, sitadanganya. Nilishona siku tatu bila kuchoka mgongo.

Siku ya nne akaja mwenye nyumba tuliyopanga, Mreno mzee aliyekimbia Msumbiji akiwa kijana, na keki aliyooka mkewe. Habari zilikuwa zimemfikia. Alinipongeza kwamba hatimaye Waafrika wameanza kuelewa ni akina nani wenye uzoefu wa kuendesha nchi. Nilimtazama akitafuna, nikaona kura yangu imo humo mdomoni mwake. Nikamwambia sikupiga kwa sababu hiyo. Akacheka, hakuuliza sababu yangu ni ipi. Mume wangu alikuwa amesimama kwenye ngazi, alisikia yote, akapanda juu akafunga mlango. Bora angenitukana.

Mwezi wa tisa vurugu zikarudi mjini. Mchana mmoja tulisikia kelele zikija kutoka barabara ya chini. Nilishusha chuma cha mlango nikabaki nyuma yake na mkasi mkononi. Kupitia tundu nilimwona jirani dirishani kwake, ananitazama au anautazama mlango, sikuweza kujua. Simu yangu ilikuwa na namba yake. Sikumpigia, naye hakutoka kuelekeza kidole wala kunitetea. Kelele zikakata kona kuelekea mtaa mwingine, na baada ya muda akafunga pazia.