Matuta ya Uwanja wa Pito

Shemeji yangu Gaudensi alimwoa dada yangu Cornelia kwa ndoa ya kanisani, lakini ukimwuliza dada atakuambia yeye ni mke wa pili. Wa kwanza ni timu ya Ghala.

Ghala lilikuwa la mazao, mali ya umma, hapa kwetu Pito, Ufipa. Enzi zake, ukiwa na mguu wa kushoto unaoeleweka hakuna aliyekuuliza cheti. Ulibeba magunia asubuhi, jioni ukavaa jezi. Gaudensi alikuwa mtu wa mizani. Mpira mwenyewe hakuujua kuucheza; miguu yake ni mizito, imeumbwa kufuata jembe. Lakini yeye ndiye aliyebeba mfuko wa mipira, akashona nyavu, akapanga kikosi, akagombana na waamuzi. Tulimwita kocha, na sijui nani mwingine angeitwa. Timu ikifungwa hakula. Ikishinda hakula pia, akiiwazia mechi inayofuata. Mimi nilikuwa beki wa kulia na ninakwambia, hakuna mtu aliyenichosha uwanjani kama yule mume wa dada yangu akitembea kando ya mstari huku akivuta sikio lake.

Kisha ikaja biashara huria. Sigombani nayo, wengi wetu imetuvisha viatu. Wanunuzi binafsi waliingia na malori yao, wakayafuata mahindi hadi mlangoni kwa mkulima, na ghala likabaki na panya. Wafanyakazi tukapunguzwa, lori lililotupeleka kwenye mechi likauzwa. Mwaka tisini na mbili, ukame ulipopiga ng'ambo ya mpaka, Zambia, mahindi yakawa dili kweli kweli, na nusu ya kikosi chetu ikahamia Laela kuchuuza. Mechi ya ugenini iliyofuata tukashindwa kutokea. Chama cha mpira kikatamka mbele ya watu wote: mkikosa tena, timu inafutwa.

Mechi iliyofuata ilikuwa Jumapili, nyumbani, dhidi ya Migebuka, timu ya wavuvi wa Wampembe, kule Ziwa Tanganyika. Gaudensi alikonda mbele ya macho yetu.

Alikuwa na hofu mbili. Ya kwanza ilikuwa wachezaji. Ya pili ilikuwa uwanja, maana ulikuwa mwezi wa tatu, mvua inaelekea ukingoni, na nyasi zilinifika kiunoni. Zisingefika hapo kama Gaudensi asingekuwa mkali. Nyanda, Msukuma aliyehamia na familia yake na ng'ombe wake, alikuwa na zizi si mbali na goli la chini. Kila ng'ombe wake walipoingia uwanjani kula, shemeji alitoka na fimbo. "Huu ni uwanja wa ligi," alifoka, "si malisho!" Nyanda aliondoa ng'ombe wake kimya kimya, nyasi zikaota kwa amani.

Basi Gaudensi akafanya lile ambalo kila Mfipa hulifanya kazi inapomzidi. Alimwomba dada apike pombe ya ulezi, akaenda kwa mzee Dominiko, jirani yetu, ambaye akiwaita watu wanakuja. "Baba, nina nyasi pale uwanjani zimenishinda. Nialikie watu Jumamosi asubuhi wanisaidie. Pombe ipo." Mzee akasema haina shida. Jumamosi hiyo alfajiri mimi na shemeji tukadandia lori la mahindi kwenda Laela kusaka wachezaji.

Njia ilikuwa tope tupu. Gaudensi alikaa juu ya magunia akivuta sikio na kunihesabia majina. Tukiwapata Calvin na Steven, sawa. Steven akigoma, nani atakaa golini? Na je, lori likikwama wakati wa kurudi? Nilimwambia, "Shemeji, hebu nyamaza kidogo, utaliroga hili gari." Akaanza upya kwa Calvin.

Steven tulimkuta stendi, kipa wetu, mrefu, unga umemjaa kwenye nyusi, akishona midomo ya magunia.

"Shikamoo kocha."

"Marahaba. Kesho tuna mechi."

Steven alicheka, si kwa dharau, kwa mshangao. "Mechi? Kwani timu bado ipo?"

Swali hilo hilo tuliulizwa na kila tuliyemkuta. Calvin aliuliza, na winga wetu aliuliza huku akipakia. Hawakuwa na nia mbaya, walikuwa wamekwisha kutuzika tu. Gaudensi alijibu kila mmoja: ipo, ipo, njoo. Wengine walikuwa wameshavuka mpaka wa Tunduma na mizigo. Mwishowe tulirudi na wachezaji sita. Ukinijumlisha mimi na wawili waliobaki Pito, tisa. Sheria inataka wasipungue saba, kwa hiyo mchezo ungeanza. Nilidhani shemeji atapumua. Wapi! Sasa alianza kuwaza watatu wakiumia itakuwaje.

Tulifika Pito jua limeanza kulegea. Tulisikia nyimbo kabla ya kuona kitu, na Gaudensi kwa mara ya kwanza siku ile akatabasamu. "Wamemaliza," alisema. "Unasikia? Wako kwenye pombe."

Walikuwa wamemaliza kweli. Uwanja mzima, kuanzia goli la juu hadi la chini, ulikuwa umelimwa matuta.

Sizungumzii kukwangua. Nazungumzia matuta ya kwetu, intumba, yale ya mviringo, nyasi zimelazwa ndani na kufunikwa udongo zioze ziwe mbolea, yamekaa kwa safu nzuri kabisa, meusi, yanapendeza. Lingekuwa shamba ningesifu. Watu zaidi ya arobaini waliketi pembeni na vibuyu vyao, majembe yamelazwa, wamechoka kwa furaha.

Gaudensi alitembea mpaka palipokuwa na duara la kati, akasimama kati ya matuta mawili.

"Baba," alimwambia mzee Dominiko, "nilisema nyasi."

"Ndiyo, mwanangu. Tumezifukia zote."

"Nilitaka zifyekwe. Kesho kuna mpira."

Nyimbo zilikatika. Mzee alimtazama, akatutazama sisi na wachezaji wetu sita wenye unga nyusoni. Mtu akikualika kwenye nyasi mwezi wa tatu, tena kwa pombe, unakwenda na jembe na unapiga matuta. Hakuna Mfipa anayeuliza. "Mwanangu," alisema taratibu, "sisi tulijua mpira umekwisha. Ghala limefungwa, kazi huna. Tulipoitwa tukasema afadhali, Gaudensi amerudi shambani. Tulifurahi kwa ajili yako."

Mama Agnesi, mjane mmoja mwenye sauti kubwa, aliongeza kwa unyonge, "Na mimi nimeshapanda maharage, huku juu."

Tungeyabomoa pale pale, lakini giza lilikuwa linaingia na nusu ya watu walikuwa hawawezi kusimama vizuri. Na kesho yake ilikuwa Jumapili. Hapa kwetu Jumapili jembe halishikwi, hata nyoka akiingia shambani anaachwa mpaka Jumatatu. Shemeji aliketi juu ya tuta. Niliogopa kumtazama. Ile timu ndiyo ilikuwa kitu pekee alichobakiwa nacho kutoka maisha yake yote ya ghalani, na sasa ilikuwa imefukiwa na majirani waliomtakia mema.

Dada Cornelia ndiye aliyemwinua. "Nyanda si Mkatoliki," alisema. "Na ana maksai."

"Yule? Mimi nimemfukuza tangu mvua za kwanza!"

"Basi nenda kaombe radhi. Au unataka niende mimi, mke wa pili?"

Tulikwenda. Nyanda alikuwa anafunga zizi. Alitusikiliza mpaka mwisho, uso hauonyeshi kitu, na shemeji alizungumza ovyo, anaomba msamaha huku anaeleza sheria za ligi. Nyanda alichungulia uwanja kwa mbali.

"Ng'ombe wangu wangekula zile nyasi bure," alisema.

"Najua."

"Zingekuwa fupi kama zulia."

"Najua, ndugu yangu. Najua."

"Toka leo waingie."

"Waingie," alisema Gaudensi, na nadhani ilimuuma kuliko kupunguzwa kazi.

Asubuhi, sisi tukiwa misani, Nyanda aliburuta gogo kwa maksai wake, huku na huko, huku na huko. Tulipotoka kanisani matuta yalikuwa yamelala. Lakini udongo ulikuwa bado mlaini, umevimba, na nyasi zinachomoza kila mahali. Migebuka walikuwa wamekwisha kufika, usiku wamelala njiani, wana njaa na hasira za kupanda mlima kutoka ziwani. Mwamuzi alichukua mpira, akaunyanyua mpaka kichwani na kuuachia. Haukudunda. Ulitua na kukaa hapo hapo.

Nahodha wao, Obed, aliona nafasi yake. "Mwamuzi, hapa hapachezeki. Tupe pointi zetu twende zetu."

Mwamuzi aliangalia saa. "Mechi ni saa kumi. Ikifika saa kumi hapajashikamana, nafunga, na Ghala mtahesabiwa mmekosa tena."

Gaudensi alinigeukia huku akivuta sikio. Nilikuwa nimeshaanza kufikiria ni nani atamwambia dada.

Watu wa jana walikuwa wamesimama kwenye mstari na nguo zao za misa, wanawake kwa vitenge vipya, wazee na makoti. Walikuja, nadhani, kwa aibu. Mama Agnesi alivua viatu, akavishika mkononi, akaingia uwanjani akaanza kukanyaga. Hatua fupi, nzito, kisigino kwanza.

"Agnesi!" aliita mzee Dominiko. "Leo ni Jumapili!"

"Nimeshika jembe mimi? Natembea."

Mzee alifikiri. Kisha naye akavua viatu. "Kutembea hakujakatazwa," alitangaza, kwa sauti ya mtu anayewasemea wote, na watu wakaingia. Walipanga mstari toka upande huu hadi ule, bega kwa bega, wakatembea toka goli la juu mpaka la chini, wakageuka, wakarudi. Mtu akaanzisha wimbo ule ule wa jana. Steven aliingia, Calvin aliingia, wavuvi wawili wa Wampembe wakashindwa kujizuia wakaingia pia, na Obed akawafokea. Nyanda alisimama na maksai wake pembeni akicheka. Mimi nilikanyaga mpaka nyayo zikawaka moto, nikaona aibu kwamba machozi yananitoka, nikaona wengine nao wanafuta nyuso, nikaacha yatoke.

Saa kumi mwamuzi aliachia mpira tena. Ulidunda kidogo sana, mpaka kwenye goti. Alitazama ule umati wenye miguu myeusi, akapuliza kipenga.

Tulifungwa matatu kwa bila. Tisa dhidi ya kumi na mmoja, kwenye shamba, ungetaka nini? Lakini mechi ilichezwa mpaka mwisho, na timu haikufutwa siku ile. Calvin na wenzake walirudi Laela na lori la jioni, hakuna aliyeahidi kitu. Gaudensi alikuwa anakunja nyavu, tayari anavuta sikio, nikajua anawaza kikosi cha wiki ijayo.

Mama Agnesi alipita na viatu mkononi. "Maharage yangu mmeyaponda," alimwambia. "Haya, Jumapili ijayo tunacheza na nani?"

Miaka yote ile ya ghala watu wa Pito walikuwa wakimwuliza shemeji "mnacheza na nani?", hata siku moja si "tunacheza". Ilibidi mimi nimjibu Mama Agnesi, maana Gaudensi alikuwa ameficha uso kwenye nyavu.